Shamba Langu, Kama la Kukodi

Kuna siku moja siisahau, mwanangu, siku shangazi yake Wanja alipokuja kwangu kijijini Kanja kutoka kwao Gachoka. Mimi na Wanja tulipendana zamani, lakini kila akiniuliza tutaoana lini, nilimjibu tungoje kidogo. Alichoka kungoja, akamtuma shangazi aje aone nina nini.

Tata Ciarunji, ndivyo tulivyomwita shangazi huyo, alikuwa mtu wa kuuliza. Aliuliza mbuzi wanakula nini, akauliza paa linavuja wapi, akafunua hata sufuria. Kisha akalizunguka shamba lote akihesabu mimea kwa kidole, nami nikaingiwa na wasiwasi.

"Kijana, mwenye hii shamba ako wapi?"

"Ni mimi, Tata. Nilipewa na baba."

"Wacha kunidanganya. Hapa ni maharagwe, hapa mahindi, hapa sukuma. Kahawa hakuna, makadamia hakuna, hata ndizi moja. Hivi ni vile analima mtu wa kukodisha."

Wajua kwetu anayekodi shamba haruhusiwi kupanda mti, asije akadai ardhi ni yake. Hupanda vya msimu mmoja, akivuna anaondoka. Mama yule alikuwa ameniona vizuri kuliko nilivyojiona mwenyewe.

Miaka mingi kabla ya siku hiyo nilitokwa na alama nyeusi kwenye wayo. Nilidhani ni mwiba, kumbe ni saratani ya ngozi. Hospitalini waliikata, wakaziba kidonda kwa ngozi ya paja, nikapona. Kanisani nilitoa ushuhuda, watu wakapiga makofi. Basi baada ya makofi yale, ningemwambia nani kwamba bado naogopa? Kila asubuhi niliukagua wayo kwa kioo cha kunyolea na kupapasa kinena nikitafuta mitoki. Kipele kidogo tu kilininyima chakula. Daktari alisema niko salama, mimi nikaendelea kupanda maharagwe.

Nilimsimulia Tata nusu nusu. Akaketi kwenye nyasi.

"Leta huo mguu nione."

Mwanangu, hakuna aliyewahi kuniomba hivyo. Watu walikuwa wakiangalia pembeni. Yeye aliugeuza mguu wangu huku na huku kama anayechagua viazi sokoni, akaligusa kovu.

"Inauma?"

"Hapana."

"Daktari anasema aje?"

"Anasema niko sawa."

"Na wewe unasema aje?"

Hapo nililia. Nikamwambia naogopa kumwoa Wanja nikamwacha mjane.

"Wanja si mtoto," akasema. "Mwambie hiyo hofu yote, achague mwenyewe. Lakini usimpatie ujane na hata hajaolewa."

Nilimsindikiza Tata hadi kwao, nikamwambia Wanja kila kitu jioni ileile. Alilia, akanikemea vikali kwa kumficha, kisha akauliza kahawa tutaipanda upande gani. Leo wajukuu wetu ndio wanaoichuma.

Sasa sikiliza, wewe uliyeambiwa umepona na bado hujaamini. Sitakudanganya kwamba hofu huisha. Mpaka leo, wiki ya kwenda kliniki nakuwa mkali bila sababu, na mke wangu ananicheka. Nenda kliniki hata hivyo, usikose. Ngozi yako ijue, iangalie, kisha uvae viatu uendelee na kazi. Tafuta mtu mmoja wa kumwonyesha kovu na kumwambia hofu yako ilivyo. Ikikulemea usiione haya, mwambie daktari, kwani moyo nao hutibiwa. Usidhani kwamba ukiogopa umemkosea Mungu. Na usiahirishe ndoa, masomo wala nyumba yako ukingoja kuhakikishiwa kesho, maana hata asiyewahi kuugua hajahakikishiwa.

Mungu akulinde mwili na akutulize moyo. Akupe miaka mingi, mwanangu, na akupe ujasiri wa kuamini kwamba ni yako.