Wifi yangu anaamini sikujua, na simu ilipigwa tukiwa wote stesheni

Admin, nifiche jina, na hata hilo nitakalomwita wifi yangu si lake. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mtanzania, naishi Fridley, pembeni ya Minneapolis. Sina mume, sina mtoto. Ninaye kaka yangu, mkewe nimwite Zuhura, na watoto wao wawili. Najua wapo watakaonitukana hapo chini. Tukaneni, ila mkimaliza mnishauri.

Mimi na Zuhura tunafanya kazi hospitali moja mjini, yeye anahudumia wagonjwa, mimi niko jikoni. Tangu wafungue stesheni ya treni hapa kwetu tuliacha kuhangaika na gari kwenye theluji. Asubuhi basi la mtaa linatushusha pale pale stesheni, tunasimama tukitetemeka mpaka treni ije. Ya asubuhi inakwenda mjini tu, ya kurudi ni jioni. Hizo ndizo zilikuwa dakika zetu za umbea. Hakuna mtu huku niliyecheka naye kama yeye.

Alhamisi moja, Zuhura akiwa ananisimulia mgonjwa wake aliyegoma kula mpaka aimbiwe, simu yangu ikaita. Alikuwa kaka, anaongea kwa sauti ya chini.

"Wamepiga kutoka Tanga sasa hivi. Mama mkwe kazidiwa, yuko hospitali, anamtaka Zuhura kwenye simu. Usimwambie hapo. Unakumbuka alivyoambiwa msiba wa baba yake aki-drive, nusura aingie chini ya lori. Mwache aende kazini, jioni nitamkalisha chini watu wakiwepo."

Ndivyo tulivyolelewa, na wengi wenu mnajua. Mtu hapewi habari nzito njiani, anafikishwa nyumbani kwanza.

"Nani asubuhi yote hii?" Zuhura akaniuliza.

"Mumeo. Eti haoni soksi za mtoto."

"Ziko miguuni mwake hizo," akasema, akacheka.

Basi lililotuleta lilikuwa bado limesimama, mlango wazi. Robo saa tu lingemfikisha kwa mumewe. Hata hilo basi asingelihitaji, maana kadi ya kupigia simu Tanzania alikuwa nayo kwenye pochi. Sasa niseme ukweli ambao hata kaka haujui. Sikunyamaza kwa ajili ya mila. Wiki ile nilishachelewa kazini mara mbili na msimamizi alikuwa amenionya. Nilijua nikimwambia Zuhura, mimi ndiye nitakayemshika na kurudi naye, na kazi naikosa. Treni ikaja, nikamsukuma mgongoni kwa utani, tukapanda. Njia nzima ananipangia mambo yake. "Jumamosi niko off, nitampigia mama tuongee mpaka kadi iishe."

Mama yake alikata roho saa nne asubuhi ya huku. Zaidi ya saa tatu zilikuwa zimepita tangu ile simu.

Jioni tulirudi pamoja. Zuhura aliona viatu vimejaa mlangoni kwake akajua, akakaa chini pale pale kwenye korido ya jengo. Mimi nililia kama mtu aliyepata habari dakika hiyo hiyo. Niliona aibu, lakini nililia.

Baada ya siku chache mdogo wake alimweleza kwa simu kwamba mama alikuwa anamtaja jina, anauliza kama amepiga. Zuhura akamuuliza mumewe alijua saa ngapi. Kaka akakubali kila kitu, akaomba radhi, akapiga magoti mbele ya watoto. Kuhusu mimi hakusema neno, na Zuhura mpaka leo anaamini ile simu ya stesheni ilikuwa ya soksi kweli. Zuhura akachukua nguo zake na watoto, na akakimbilia wapi? Kwangu. Wiki ya tano sasa analala kitandani kwangu, mimi kwenye kochi. Asubuhi tunasimama stesheni kama zamani, ila hatucheki. Siku nyingine ananiuliza, "Hivi siku ile, wakati mama ananiita, mimi nilikuwa naongea nini hapa?" Namwambia sikumbuki. Nakumbuka kila neno.

Nilimuuliza kaka kwa nini hajanitaja. Akanijibu, "Akikukosa na wewe, huku atabaki na nani?" Amekonda, hapiki, na nikienda kumwona ananiuliza habari za watoto tu. Nimejaribu kumtetea kwa Zuhura, akaniambia nisithubutu tena, mtu aliyemnyima mama yake hana haki ya kutetewa.

Jumapili hii wana kikao kwa shehe. Zuhura anataka talaka. Jana, tukiwa tunakunja nguo za watoto, ameniambia hivi: "Wifi, nitakuomba uongee. Wazee waone kwamba kwenu kuna mtu mmoja mkweli. Wewe ungejua, ungeniambia." Nikamjibu ndiyo, ningekwambia.

Nikisema, namwondolea mtu wa mwisho aliyebaki naye huku, na mama yake harudi. Nikinyamaza, kaka yangu anaachwa kwa kosa la watu wawili, na mimi ndiye shahidi. Jamani, Jumapili shehe akinigeukia na kusema haya dada, tueleze, nitafungua mdomo niseme nini?