Tenga la Mzee Nazari

Mara ya kwanza Dorotea alipomwona mzee Nazari, alidhani ni maiti. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye kijito kule juu ya Masagati, maji yakimpiga mgongoni, mikono imezama chini ya jiwe. Kisha maiti ikainua kichwa, ikatupa samaki kwenye tenga na kusema, "Usisimame hapo, mama, unawafukuza."

Ni kambale wadogo, urefu wa kidole, wanaong'ang'ania miamba mahali maji yanapokimbia kiasi cha kumwangusha mtu. Wavu hauwapati, ni kupapasa tu. Dorotea alipeleka tenga moja la waliobanikwa hadi Ifakara, na Rosemery mwenye hoteli akamwambia: leta hawa kila Jumamosi, na samaki wote wa hoteli hii utaleta wewe. Kwa mchuuzi aliyezeeka na beseni kichwani, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kulitua.

Nazari alitaka mabati ya kuezeka jiko lake linalovuja. Wakakubaliana: tenga kwa bati.

Safari ya pili, treni hadi Mlimba, bodaboda hadi Masagati, akakuta tenga tupu.

"Binti wa Dionisi kajifungua mapacha," alisema Nazari.

"Nikupongeze au nilie?"

"Mzazi hapa anakunywa supu ya hawa. Marehemu mke wangu alikuwa mkunga. Yeye mtoto, mimi mchuzi."

"Lakini mkunga amekufa, mzee."

"Wanawake hawajaacha kuzaa."

Safari ya tatu hivyo hivyo. Dorotea alikuwa amebeba kambale wakavu wa Malinyi, wanene kama mkono, wabadilishane. Nazari alinusa mmoja. "Huyu kalelewa kwenye tope. Mpe mumeo."

Rosemery naye akachoka: Jumamosi hii au basi.

Ndipo Dorotea akapata upenyo. "Mzee, tuuziane majini kabla hujafika kijijini. Akija mtu, hujamnyima. Huna."

Nazari alifikiri, akakubali, ila mnunuzi aingie naye majini. Dorotea akafunga kanga, akapapasa mawe meno yakigongana, akateleza, akalaani. Tenga likajaa, wakabanika pale pale ukingoni.

Walipoteremka wakamkuta Agapiti, mwenye bodaboda ya kumpeleka stesheni.

"Mke wangu kajifungua, mzee."

Nazari akatazama milima. "Samaki hawa si wangu. Wameuzwa."

Agapiti akazima pikipiki. "Basi nisubiri, mama. Nikatafute kwingine, nikirudi nitakupeleka."

Pikipiki nyingine haikuwepo, na treni haingojei mtu. Dorotea akamimina nusu ya tenga kwenye helmeti ya Agapiti.

"Nusu tu?"

"Amezaa mtoto au kijiji?"

Treni yenyewe ikachelewa. Rosemery alichungulia tenga, akasema wateja wake hawali nusu, na kazi yote akampa Marselino wa Malinyi, anayeleta kambale wa tope bila maneno mengi.

Nazari akatuma salamu: bati lake liko wapi? Dorotea akajibu kwamba tenga lilifika nusu. Mzee akajibu kwamba waliuziana majini, na majini lilikuwa limejaa. Sheria ilikuwa ya Dorotea mwenyewe, kwa hiyo bati likaenda. Nazari sasa anapikia pakavu. Mke wa Agapiti alikunywa supu yake akapata maziwa. Dorotea yuko na beseni kichwani, na siku ile Agapiti hakumpunguzia hata nauli.