Celica ya Mardochée Haipandi Fuso

Kule Kasha, juu kabisa ya Bagira, mjini Bukavu, mtu akikuambia kwamba motokari yako inaimba, usifurahi. Maana yake resori, zile springi zake, zinalia, amortisseur, yaani shokapu, zimekufa, na kila shimo la barabara linakufikia mpaka kwenye meno. Atakayekuambia hivyo hatakuacha bila dawa. Atakuuliza tu: "Ulishafika kwa Mardochée?"

Mardochée hatengenezi injini. Injini, anasema, ni kazi ya watu wasiojua kusikiliza. Yeye anatengeneza miguu ya gari: resori, amortisseur, vyuma vyote vinavyoshika magurudumu. Ujana wake aliumalizia kwenye malori ya njia ya Shabunda, barabara ambayo lori huondoka kwa siku inayojulikana na kurudi kwa siku anayoijua Mungu. Kazi yake ilikuwa kulala chini ya lori matopeni na kufunga resori zilizovunjika. Huko ndiko alikojifunza kwamba gari huugua kwanza miguuni, kama mzee. Aliporudi Kasha, alipanga mawe mbele ya nyumba ya wazazi wake, akaweka juu yake kriki yake ya kuinulia magari, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akijishusha. Unyenyekevu aliwaachia masista wa parokia. Wao wana muda nao.

Siku Amuri alipopandisha motokari yake nyekundu, Celica, mpaka pale, watoto wa mtaa mzima walikuja nyuma yake. Amuri ni kijana wa ukoo wa wauza vitenge wa Kadutu, wale ambao mababu zao walitoka pwani wakapitia Uvira. Alitaka kushindana Sange. Kule bondeni wajenzi wa barabara waliacha kiwanja kipana cha lami walichokuwa wakiegeshea mashine zao, na vijana wenye motokari za mbio wa Bukavu na Uvira huchora humo njia ya mizunguko kwa pneu, yaani matairi ya zamani, na vibido vya plastiki vya maji, kisha wanatafutana ubaya.

"Tonton Mardochée," Amuri alisema, "uishushe chini kabisa, iwe ngumu. Vieux Ezéchiel ataipakiza mu Fuso yake, kama za wengine."

Na wengine walikuwa na sababu. Kati ya Bukavu na Sange iko Ngomo, mlima wa mawe na udongo unaoteleza. Gari lililoshushwa kwa ajili ya mbio linaacha tumbo lake pale. Lililopandishwa na kulainishwa kwa ajili ya Ngomo, likifika kiwanjani, linalala kwenye kona kama mtu anayetoka matangani na pombe ya kasiksi kichwani. Ndiyo maana motokari za mbio za Bukavu hushuka bondeni zimefungwa juu ya lori.

Mardochée alifuta mikono yake polepole.

"Amuri, weye ulishaona mbuzi mwenye anabebwa ku mugongo kwenda kushindana mbio?"

"Hapana, tonton."

"Bon. Hii motokari iko na miguu. Itashuka Sange kwa miguu yake, itakimbia, itarudi Kasha kwa miguu yake. Haipandi Fuso."

Bahati mbaya, au nzuri, Ezéchiel mwenyewe alikuwa amesimama pale akitafuta kuazima bulo, yaani bolti chache. Ezéchiel ni fundi wa Bagira chini, mwenye Fuso na tumbo vinavyolingana. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bandugu, musikie! Mardo, ikirudi bila Fuso yangu, nitakubebea sanduku yako ya vyombo mu Kasha yote, batu banione. Na ikirudi juu ya Fuso?"

"Nitafunga hapa," alisema Mardochée. "Nitauzisha makala ya jiko."

Watu walijua kwamba hatanii. Mtu hafanyi mchezo na mawe aliyoyapanga mwenyewe mbele ya nyumba ya baba yake.

Alianza kazi. Alimkalisha Amuri kwenye usukani, akamwambia asishuke mpaka aitwe, kwa sababu gari tupu linadanganya. Alipima kwa vidole nafasi iliyopo kati ya pneu na bodi. Amortisseur za Celica zilikuwa zile za kuzungushwa: chini kila moja ina pete ya kupandisha na kushusha gari, juu ina kifuniko kidogo cha kuikaza au kuilegeza. Kila sehemu aliiwekea alama mbili: nyeupe ya barabara, nyekundu ya mbio. Alama alizipaka kwa verni ya kucha ya mke wake, Chantal.

"Vidole vyangu viko uchi," Chantal alilalamika, "lakini motokari ya batu iko inapambwa kama bibi arusi."

"Mama Gloire," Mardochée alimjibu mkewe, "utaenda nasi. Utaona kazi ya verni yako."

"Ningebaki? Muchele ya Sange itajileta yenyewe?"

Walishuka asubuhi, gari limewekwa kwenye nyeupe: Amuri kwenye usukani, Mardochée pembeni, Chantal nyuma na vikapu na mifuko na ndizi za kumpelekea dada yake. Ngomo iliwatikisa, ikawageuza, ikalitafuta tumbo la gari. Haikulipata. Waliipita Fuso ya Ezéchiel imesimama kupoza breki, na juu yake motokari ya mbio imefunikwa kwa turubai, ile bâche yake, kama maiti. Mardochée alitoa mkono nje ya dirisha na kuupunga taratibu, kama askofu.

Sange, jua lilikuwa limekaa juu ya lami. Mardochée alizungusha kila kitu kutoka nyeupe kwenda nyekundu. Celica ikainama chini, ngumu, nzuri. Amuri akaingia kiwanjani kujaribu.

Kona ya kwanza, safi. Kona ya pili, matako ya gari yaliruka, yakatangulia mbele ya pua, na Celica ikazunguka kama pia na kuangusha vibido vyote.

"Eeeh!" Sange nzima ilipiga kelele.

"Muache icheze!" Ezéchiel, aliyekuwa amefika na Fuso yake, aliwaambia watu. "Ngoma haijaisha!"

Mardochée alilegeza amortisseur za nyuma. Amuri akarudi, gari likazunguka. Mardochée akatoa pumzi kidogo kwenye pneu. Likazunguka. Akazilegeza amortisseur zaidi, akapiga magoti, akasikiliza, akakaza za mbele. Likazunguka vizuri kuliko mwanzo.

Hapo Ezéchiel akaja bila kucheka, na hilo ndilo lililouma.

"Mardo, nafasi iko mu Fuso. Usiiharibu motokari bure. Tutafunika na bâche, tutaingia Bukavu usiku. Hakuna mutu atajua."

Amuri alitazama chini. "Tonton, tukubali?"

Mardochée alikuwa anayaona mawe yake mbele ya nyumba, na juu yake magunia ya makala.

Chantal akatokea sokoni, mtu nyuma yake ametwikwa magunia ya mchele. Akafungua mlango wa nyuma wa gari.

"Mama Gloire, usipakize! Tungali tunatafuta ugonjwa."

"Ugonjwa gani? Mimi nilikaa hapa nyuma tangu Kasha, na vikapu, na ndizi. Hii nyuma haikushuka hata kidogo! Hata ile taksi ya Gentil, yenye ulijaza mipira mu resori, haibebe vile."

Mardochée akageuza shingo.

"Ulisema nini?"

"Nimesema mipira. Unaniangalia vile sababu gani?"

Alikuwa tayari chini ya gari. Na pale, katikati ya resori za nyuma, kulia na kushoto, vilikuwa vimekaa vipande vya pneu ya lori, vimekatwa vizuri na kusukumwa mpaka ndani. Kila taksi ya Bukavu inavyo, ili ibebe watu wote wanaosema watabanana. Na aliyeviweka hakuwa jini. Bukavu, mkono wa fundi hutia mipira kwenye resori za nyuma kama mkono wa mama unavyotia chumvi huku mdomo unasengenya jirani. Mardochée mwenyewe alikuwa ameitia siku ile ile ya verni, akimcheka Ezéchiel, na hakuiwekea alama kwa kuwa hakujua ameitia. Kwa Ngomo ilikuwa dawa. Kwa mbio, nyuma ilikuwa mti mkavu. Ungeilegeza amortisseur mpaka kesho, resori isingepinda.

Mtu mwingine angevificha vile vipande mfukoni. Mardochée alitoka navyo mikononi na kuvinyanyua juu ili bonde lote livione.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Hakuna mwingine angeifunga hivi! Ngomo yote, na haikutoka!"

Hata katika kosa alipata pa kujisifia. Akaileta kriki.

Mbio zilipoanza, Celica ilishika lami kama mjusi ukutani. Amuri alimaliza wa pili, nyuma ya kijana wa Uvira, akatoka amekasirika.

"Kukimbia ni nusu," Mardochée alimwambia. "Nusu ingine iko Ngomo. Utaona."

Alirudisha kila kitu kwenye nyeupe. Mipira nayo akairudisha, safari hii akiitazama, na kila kipande akakipaka verni. Mchele ukaingia, Chantal akaingia juu yake.

Mvua ilikuwa imewatangulia mlimani. Katikati ya Ngomo, Fuso ya Ezéchiel, iliyotangulia kuondoka, ilikuwa imelala kwa gurudumu moja matopeni, bâche inachuruzika maji, dereva anatafuta mawe. Ezéchiel alikuwa amesimama pembeni ya njia, viatu mkononi. Kesho yake alitakiwa kuwa baba wa ubatizo, parokia ya Bagira, misa ya kwanza.

Amuri alisimamisha gari. Mardochée alishusha kioo, akamtazama mwenzake kutoka kichwani mpaka kwenye matope.

"Vieux Ezéchiel. Nafasi iko."

"Mardo…"

"Ingia. Lakini hatuna bâche ya kukufunika."

Aliingia nyuma, Chantal akasogea, mchele ukalalamika. Celica ikashuka kidogo, ikakaa juu ya ile mipira, ikapanda. Jiwe kwa jiwe, haikugusa. Ezéchiel alikuwa anasikiliza. Fundi hawezi kuacha. Walipofika Nyangezi, mlima ukiwa nyuma yao, ndipo alipofungua mdomo:

"Ile mipira, unaikata mu pneu gani?"

"Ya Shabunda," alisema Mardochée.

Kasha walifika watu wakiwa bado barabarani. Ezéchiel alishuka mwenyewe, akafungua nyuma, akatoa sanduku la vyombo na kulipachika begani bila kuambiwa. Kutoka barabarani hadi kwenye yale mawe ni hatua chache tu. Mardochée alifunga mikono mgongoni, akamtangulia Ezéchiel kwa njia nyingine, ile ndefu inayozunguka nyuma ya kanisa na kupita sokoni, akaenda polepole, akimsalimia kila mtu kwa jina na kusubiri aitikiwe.