Kitambaa cha Kufunikia Kompyuta

Wivu umeniumbua, na nakiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani zangu wa Nangara.

Kompyuta ya mume wangu ilianza kujizima. Kila ikizima, anampigia Rehema, fundi wa kike wa kule Bonga. Mimi haraka natoa kitambaa changu cha kufunikia kompyuta, nilichokifuma mwenyewe, binti yule asije akakishika. Rehema akiiwasha, inawaka vizuri. Akiondoka, nakirudisha kitambaa changu; kesho yake inazima tena. Nikajua tu: mume wangu anaizima makusudi ili amwone.

Juzi uzalendo ukanishinda. Hata kitambaa nilisahau kukitoa. Nikasimama mlangoni nikapaza sauti: "Baba Daniel, si umwoe kabisa tujue moja!"

Rehema alikuwa ameshakiinua kile kitambaa, kiganja chake kiko juu ya kompyuta.

"Shikamoo, Mama Daniel," akasema kwa upole. "Inachemka. Hiki kitambaa kinaziba matundu ya hewa, ikizidiwa na joto inajizima."

Mume wangu akakipokea, akakikunjua, akasoma taratibu maneno niliyoyadarizi kwa uzi mwekundu: "Mgeni, karibu tena."