Siku Mkwe Wangu Alipoibuka Majini

Aibu yangu hii imeonwa na kisiwa kizima, wageni, wapishi na mabaharia, kwa hiyo sina faida ya kuificha, chekeni tu, ila mkimaliza mnisikilize mpaka mwisho.

Mkwe wangu Innocent alikuwa anahamia Kanada na binti yangu Riziki, akasema kabla hawajaondoka lazima anitoe kwetu Masisi nipumzike siku moja kwenye hoteli ya kifahari, kisiwani, Ziwa Kivu. Mimi, mama wa jembe na maharagwe! Tulipanda boti pale bandari ya Bweremana, tukafika, nikaonyeshwa kiti cha kulalia kando ya maji (yaani mtu mzima ajinyooshe mchana mbele ya watu kama mgonjwa), nikaletewa nanasi lililotobolewa lenye juisi ndani na kimwavuli juu, wao wakaenda kuogelea. Ningebaki na nanasi langu, yote yangekuwa sawa. Lakini jioni ile mimi narudi peke yangu, na kesho yake wao wanaondoka, nikataka kumtazama mtoto wangu, basi nikajisogeza mpaka kwenye gati la mbao.

Hapo ndipo Innocent akaibuka majini. Na kachupi tu. (Kwetu mkwe hata kitanda changu hakalii, hata kula mbele yangu anaona haya, sasa mnisaidie, macho niyapeleke wapi?) Nikajifunika uso kwa kitenge, nikarudi kinyumenyume, mbao zikaisha.

Maji yakanimeza na kitenge changu. Nikashtukia nimebebwa, shavu langu liko kwenye kifua kitupu cha mkwe.

"Mama, unishike mu shingo!"

"Usiniguse! Wacha nikufe tu!"

Nikampiga makofi, yeye ananiokoa mimi nampiga, wageni wakatoa simu zao wakarekodi.

Nikaenda kujifungia msalani. Riziki akaja akagonga.

"Mama, fungula. Boti iko karibu kuenda."

"Bwana yako amevaa?"

"Alishavaa, Mama, ata koti ya veste."

"Siwezi tena kumuangalia."

"Basi uniangalie miye."

Sikufungua. Baharia alipoita mara ya mwisho nikatoka mbio, kitenge kimefunika uso mpaka kidevuni, nikampita mtoto wangu bila hata kumkumbatia, nikaingia botini. Tulipofika mbali ndipo nikafunua uso. Riziki bado alikuwa amesimama kwenye zile mbao, amekuwa mdogo sana, anapunga mkono. Nikalia mpaka Bweremana, na baharia wa watu akanibembeleza, akidhani naogopa maji.

Sasa wamepata mtoto huko. Simu yangu ni ya vitufe, haionyeshi sura ya mtu, tunasikiana sauti tu. Riziki ananiambia picha pekee waliyo nayo ya siku ile ni ile niliyopigwa nikikimbilia boti, na Innocent mwenyewe ndiye aliyeitundika ukutani. Majuzi Riziki akampa mjukuu wangu simu anisalimie.

"Koko," akaniuliza, "uso yako iko wapi?"

Nikasema mtandao unakatika.

Mila zangu sizikatai, jamani, nilizaliwa nazo. Lakini nimeapa, siku wakirudi, Innocent na aibuke vyovyote atakavyo, mimi nitasimama palepale, uso wazi, mpaka mtoto wangu achoke kuniangalia. Kila nikimuuliza Riziki watarudi lini, ananiambia, "Tutaona, Mama."