Kuni Mbichi Katikati ya Mzigo

Mwanangu, iko siku moja ya mwezi wa saba ambayo nikiikumbuka hata leo nahisi masikio yakipata moto, ingawa wengi walioiona wameshalala mchangani. Ningeweza kuinyamazia. Lakini mficha uchi hazai, na mimi nimezaa tisa, kwa hivyo nitasema.

Mimi ni Wanjugu. Masomo yangu yaliishia darasa la pili. Shule yetu ilifungwa wakati wa Hali ya Hatari, na ilipofunguliwa tena nilikuwa nimeshazoea jembe. Kwa hivyo ukiona nimeruka hapa nikatua pale, nivumilie tu, ndivyo ninavyosema na ndivyo ninavyoandika. Niliolewa upande huu wa Gakindu miaka michache baada ya Uhuru. Kahawa ilikuwa bado changa mashambani, na kanisa letu lilikuwa la mbao, na ukikaa benchi ya nyuma upepo ulikupiga mgongoni mpaka amina.

Mama mkwe wangu nilimwita Maitu, yaani mama, kama ilivyo desturi yetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, na alama ya ukanda wa kubebea mizigo kwenye paji la uso, imezama kama mtaro. Mume wake alichukuliwa wakati wa vita vya msituni, akapelekwa kambini, na hakurudi. Na kila mtu kilimani kwetu alisema aliyemwonyesha kwa kidole ni Mzee Gathogo, ambaye wakati huo alikuwa homgadi, yaani askari wa kijiji upande wa wakoloni. Huyo Gathogo shamba lake lilipakana na letu. Ukitoa kichwa nje asubuhi unaona moshi wake. Hebu fikiria, mwanangu, kuishi miaka na miaka ukiona moshi wa mtu kama huyo. Maitu hakumtaja kamwe. Wakikutana njiani walipishana tu.

Sasa mwana wa Gathogo alioa msichana wa Endarasha, anaitwa Nyaguthii. Huyo msichana hakujua lolote la mambo yetu. Alikuja na sanduku lake la bati na sauti nzuri ya kuimba, basi. Mume wake alikuwa fundi wa mbao kule Nanyuki, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mama ya mume alikuwa ameshakufa. Kwa hivyo alipojifungua mtoto msichana, kule nyumbani alikuwa yeye, kile kichanga, na huyo mzee.

Ninyi vijana mnazaa hospitali na mnaletewa pempasi, kwa hivyo nieleze kidogo. Zamani mwanamke akijifungua, wanawake wa kilima chote walimpelekea kuni. Tuliziita matega. Mnajipanga mstari, kila mmoja na mzigo mgongoni, mmebeba na maji na uji na njahi, yale maharagwe meusi ya kumwongezea mzazi maziwa, mnaimba mpaka mlangoni. Mama mzazi hakupaswa kugusa panga wala mtungi mpaka apone. Kuni zilikuwa ndio kusema, mtoto wako ni wetu. Na mwezi wa saba kwetu si mchezo. Ukungu unashuka asubuhi na hauinuki, mvua nyembamba kama unga, jua unalisikia kwenye habari. Mtoto mchanga bila moto mwezi wa saba, hata usiniambie.

Wiki ya kwanza hakuna aliyeenda kwa Nyaguthii. Na sababu, mwanangu, ilikuwa mimi.

Tulikuwa na kikundi cha kulimiana mashamba, leo kwangu, kesho kwako, kwa maana kikundi kidogo huinua kinu. Siku hiyo tulikuwa tunapalilia kahawa ya Muthoni. Muthoni alikuwa na mdomo, huyo. Mmoja akauliza, "Kwani matega ya Nyaguthii tunapeleka lini?"

Nikasimamisha jembe, mimi, bibi arusi wa juzi. Nikasema, "Ati tupeleke wapi? Kwa Gathogo? Mimi mzigo wangu hauwezi kuingia boma hiyo. Maitu analala peke yake kwa sababu ya nani?"

Muthoni akacheka. "Sema, Wanjugu! Achome ile bunduki yake ya zamani, ina mti mzuri."

Wakacheka wote, na katika kicheko hicho jambo likawa limeamuliwa. Hakuna aliyepiga kura. Nikajisikia mtu mkubwa. Na Jumapili nilisimama katika kwaya, mstari wa mbele, nikaimba juu ya upendo wa Mungu mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Nilijiambia natetea Maitu. Ukweli ni kwamba hata siku moja sikuwa nimemuuliza Maitu yeye mwenyewe anataka nini.

Habari ilimfikia. Sijui ni nani alimwambia. Jumatatu asubuhi alikuwa anakoroga uji, akasema bila kugeuka, "Wanjugu, kesho tunampelekea mtoto kuni."

"Mtoto gani, Maitu?"

"Yule anayekohoa hapo ng'ambo ya ua. Wewe humsikii?"

Nilikuwa namsikia. Nilinyamaza, kwa maana mama mkwe hakujibiwa. Lakini mdomo ukifungwa moyo hutafuta mlango mwingine. Maitu alishusha kuni zake kutoka uchaga wa juu ya meko, zile kavu za mwati zilizokaa kwa moshi miezi, zinazolia kama sahani ukizigonganisha. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba. Kulikuwa na matawi ya mkima tuliyokata juzi, mabichi, yanatoa maji ukiyaminya. Nikayapanga katikati. Nje nikazungushia kavu chache, nikakaza kamba. Mzigo ukapendeza, mwanangu! Ulipendeza kuliko wa Maitu. Nilijua kuufunga mzigo, hilo siwezi kujinyima.

Kesho yake tukaenda, sisi wawili tu. Hakuna kuimba. Mzee Gathogo alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni kwa nyumba yake, kabuti la zamani limemfunika. Alipomwona Maitu anaingia, aliinuka. Akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa cheupe.

"Nyina wa Kariuki," akasema, akimwita Maitu kwa jina la mwanawe, yaani mume wangu. "Umekuja kwangu?"

"Nimekuja kwa mtoto," Maitu akasema, na akapita.

Hakumwambia neno lingine. Nakuambia hivi usidhani walikumbatiana wakalia kama kwa mahubiri. La. Alipita na mzigo wake, na yule mzee akabaki amesimama na kofia mkononi kwa mvua.

Ndani, Nyaguthii alikuwa kitandani na kichanga kifuani, amejifunika kila kitu alichokuwa nacho, hata gunia. Kwa meko kulikuwa na magunzi ya mahindi yanayokufa. Siku kumi na mbili alikuwa anapikia magunzi na mabua ya maharagwe, vitu vinavyowaka na kuzima kabla maji hayajajua kuna moto. Alituona. Machozi tu. Maitu akasema, "Nyamaza, nyamaza, ukilia maziwa yatakauka," akafunga leso kiunoni, akabandika njahi.

Sasa mzigo wangu ndio ulikuwa karibu na meko. Maitu akavuta zile za nje. Moto ukashika vizuri, nyumba ikaanza kupata joto, mtoto akalegea. Nikaanza kuomba, mwanangu, kweli niliomba pale, ati Mungu njahi ziive kabla hazijafikiwa zile za katikati! Hebu ona maombi ya mtu wa kwaya. Lakini njahi ni njahi. Maitu akavuta ya katikati, akaisukuma motoni. Ikalia psss, maji yakatoka mwishoni yakichemka, na moshi mzito wa manjano ukajaa nyumba. Mtoto akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka akawa mwekundu, mpaka sauti ikakatika, na Nyaguthii akashuka kitandani anamtikisa, "Mtoto wangu! Mtoto wangu!"

Maitu alimchukua akatoka naye nje chini ya ukingo wa paa, akamfunika kwa kifua chake, akampiga mgongo polepole. Ilichukua muda ambao mimi sijui kuupima. Kisha mtoto akavuta pumzi na kulia, na sijasikia wimbo mzuri kama kilio hicho.

Maitu akarudi ndani. Alitazama mzigo uliofunguka, yale matawi mabichi yamelala katikati na majani mengine bado yako juu yake. Akanitazama mara moja tu. Kisha akamgeukia Nyaguthii.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Kuni zangu hazikukauka vizuri. Nimezeeka, siku hizi sioni ninachobeba."

Alisema zangu. Mwanamke ambaye kilima chote kilijua kuni zake, ambaye wengine walimwomba mbegu ya moto asubuhi, alisimama katika boma la mtu aliyemfanya mjane akasema yeye ndiye aliyeleta kuni mbichi kwa mzazi. Kwa wanawake wa wakati ule, heri ungeitwa mwizi. Nilitaka ardhi ipasuke. Akatoa matawi yangu yote nje kwa mikono yake, akafungua mzigo wake, akawasha moto upya.

Njiani sikuweza kuvumilia. Nilisema, "Maitu, kwa nini umesema ni zako?"

"Wewe ni wa nani?"

"Ni wako."

"Basi."

Tukatembea. Baadaye nikamuuliza lile nililokuwa nalo moyoni tangu niolewe, kama amemsamehe Gathogo. Alisimama, akapangusa uso. Akasema, "Sijui, Wanjugu. Kila asubuhi namwambia Mungu anisaidie, na kuna asubuhi naamka nikiwa sijasaidiwa. Lakini mtoto alikuwa anasikia baridi. Hilo nilijua. Siwezi kungoja moyo wangu upone ndipo mtoto aote moto."

Nimesikia wahubiri wengi maishani, wengine na vipaza sauti, wengine wametoka mbali na koti nzuri. Hakuna aliyenifundisha zaidi ya hilo. Yule mama hakujua kusoma. Biblia yake ilikuwa imefungwa kwa kitambaa na sisi ndio tulimsomea, na akiisikia mara moja anaenda kuifanya, kana kwamba ni agizo la kwenda mtoni.

Kesho yake tulikuwa tunalima kwetu, zamu yetu. Muthoni alipoanza utani, "Wanjugu, nasikia umeonekana kwa homgadi," niliweka jembe chini nikawaambia yote. Matawi ya mkima, moshi, mtoto, Maitu. Hakuna aliyecheka. Muthoni akasema polepole, "Kwa hivyo ulienda kumpelekea moshi." Nikasema ndiyo. Akainama akaendelea kulima. Huyo hakwenda, sitakudanganya. Ndugu zake wawili walikuwa wamekufa msituni, na ilichukua miaka mingi kabla hajaweza kupita mlango ule. Sikumlaumu, na wewe usimlaumu. Lakini wengine walikwenda nami Alhamisi, sita, na tuliimba, mwanzoni kwa aibu, kisha vizuri.

Mimi nilitangulia kabla yao. Nilitaka kusema langu peke yangu. Nikatua kuni mlangoni, kavu, nilizozitoa uchagani mwetu, nikaingia. Nikasema, "Nyaguthii, zile kuni mbichi hazikuwa za Maitu. Zilikuwa zangu, na sikukosea. Nilizipanga."

Alimhamishia mtoto bega la pili. Akasema, "Najua. Nilikuona kwa mlango ukitua. Nilikuwa nakungojea uje useme, na nilikuwa nimeamua usipokuja sitakuchukia, kwa sababu yule mama amekulipia." Kisha akaniangalia juu mpaka chini na akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Sasa usisimame hapo kama mgeni. Nishikie mtoto, niko na uji unamwagika."

Akanipa. Alinipa mimi, mwanangu, kile kifua kilichokohoa kwa mkono wangu. Kilikuwa na joto.

Sasa sikia ninachokuambia, wewe uliye na nguvu bado. Usibebe chuki ya mtu mwingine ukidhani unampenda. Muulize kwanza, huenda yeye ameshaitua. Usingoje kuwa mtu mzuri ndipo ufanye jambo zuri. Fanya, hata moyo ukibaki nyuma unanung'unika, utakuja kukufikia njiani. Ukimkuta mkeo, mumeo, mkwe wako ameaibika mbele za watu, simama karibu naye. Hapo ndipo Mkristo anaonekana, si kwaya. Na ukikosa, nenda kwa miguu yako ukaseme, kwa kuwa mwerevu ni yule aliyekubali kuonywa. Kukua ni huko. Mimi nimekua polepole, na kuna siku nakuta bado niko pale pale.

Lete mikono yako hapa nikutemee mate ya baraka, kama tulivyotemewa sisi. Ngai, Mungu wetu, akupe jirani mgumu wa kukukomaza, na mtu mmoja nyumbani atakayekubali aibu yako iwe yake. Nawe uwe mtu huyo kwa mwingine. Watoto wako walale bila kukohoa. Uzeeke uone wajukuu, na wasikuogope. Amina, na useme amina na wewe.