Nguruwe wa Chiungutwa

Mnaotaka kunicheka, nichekeni tu. Mwenyewe nimeshajicheka mpaka basi.

Nina kibanda cha gemu za video hapa Masasi. Gemu moja unakuwa mwindaji, na wanyama wake wana tabia za kweli kabisa: swala akinusa harufu yako anatimka, lakini nguruwe pori asipokimbia, akaanza kuyumbisha kichwa, panda mti upesi, anakuja. Nimeicheza hadi nikamwambia mchumba wangu, Agnesi, kwamba wanyama wa porini nawajua kuliko wawindaji.

Juzi nilikwenda Chiungutwa kujitambulisha kwao. Nikakatisha shamba la mikorosho nyuma ya nyumba. Nguruwe mweusi alikuwa amesimama njiani, ananitazama. Nikapiga makofi. Hakukimbia. Akayumbisha kichwa.

Nikaparamia mkorosho na suti yangu ya kuazima, kiatu kimoja kikabaki chini, huku napiga yowe: "Nguruwe pori! Jamani, pandeni miti!"

Ukoo mzima ukatoka na mapanga, mama yake Agnesi mbele. Alipofika akampapasa yule nguruwe mgongoni, naye akajilaza ubavu na kuanza kukoroma.

"Kumbe ni huyu wetu wa nyumbani!" akawaambia wenzake. "Kila msimu ni hivihivi, akila mabibo yaliyochacha analewa." Kisha akainua macho. "Na wewe baba, ni nani?"

"Shikamoo, mama," nikasema kutoka juu ya kichwa chake. "Mimi ndiye mchumba wa Agnesi."

"Marahaba," akajibu taratibu. "Yule mtaalamu wa wanyama?"